Mvua Ilirudi, Msitu Haukurudi
Shuleni tulikariri historia ya machifu na wakoloni. Hivi, ndugu msomaji, tope nalo halina historia?

Mwaka 2005 wataalamu walichimba sakafu ya Ziwa Nyasa. Katika tope, chavua husimulia mimea, chembe za mkaa husimulia moto. Mwaka 2021 Jessica Thompson, Sarah Ivory na wenzao waliyalinganisha hayo na zana za mawe za Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe kutoka Kyela. Zamani ukame ukiisha, ziwa lilijaa na msitu ukarudi. Lakini miaka kama 85,000 iliyopita mkaa ulizidi. Maji yakarudi, msitu haukurudi kama mwanzo. Hesabu ya mvua peke yake ikagoma. Wao wanaona ni moto wa watu.

Mimi sishangai. Nyasi hulisha moto, moto huua miche ya miti, nyasi zikaota tena.

Huku kwetu tunapenda kusema, choma tu bwana, mvua ikinyesha patachipua. Sawa, patachipua. Lakini patachipua nini? Swali hilo ni letu vijana, maana vilima hivyo ndio urithi wetu.