Wavulana wakiimba, msikilizaji ana kazi gani?



Tangu kwaya ya wavulana wetu itoe video yake mpya, ile iliyopigwa Jinja karibu na Nile na Mbale chini ya mlima Wanale, simu hazitulii. Kuna walioiangalia mpaka bando ikaisha. Kuna waliobishana usiku kucha kama besi imefunika tena, na kama ile hatua ya mwisho ya kucheza waliiga mahali. Kuna mama aliyesema bila huruma kwamba mashati yamepigwa pasi vibaya. Hayo yote tunayapenda. Mtu anayebishana juu ya besi ni mtu aliyesikiliza.

Lakini kuna jambo limetuuma. Kipande cha hiyo video kimekatwa, kikazungushwa na maneno kwamba hawa ni yatima wa vita wanaoomba msaada. Wavulana wale wana wazazi. Baba wa mmoja ni fundi baiskeli, na alikiona kipande hicho kwenye simu ya mteja wake. Hatutaji aliyefanya hivyo na hatuandiki ili tugombane. Tunaandika historia, kwa sababu tulipoanza kuulizana tuligundua kwamba jambo hili ni la zamani. Hapa hapa mashariki ya Uganda, vijana wameimba mbele ya watu kwa miaka mingi, na kila mara swali ni lile lile: yule anayesikiliza, anasikia nini?

Tuanzie Mbale. Wamasaba, ambao wengi wanawaita Wagisu, wana imbalu, tohara ya vijana. Inafanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na ufunguzi wake ni mwezi wa nane pale Mutoto, karibu na mji. Watu wa nje wakisikia imbalu wanafikiria kisu tu. Kumbe kisu ni dakika chache za mwisho. Kabla yake kijana anaimba na kucheza siku nyingi, anapita kwa wajomba na mashangazi, njuga zimefungwa mapajani, unga umepakwa mwilini, na ngoma za kadodi ziko nyuma yake.

Sasa angalia wale wanaomfuata. Hawakuja kutazama tu. Kiongozi wa nyimbo anaita, na wao lazima waitikie. Wanakimbia naye barabarani. Wazee wanapima mwendo wake na sauti yake kujua kama kweli yuko tayari, kwa sababu siku yenyewe atasimama wima na hatakiwi hata kupepesa jicho. Akilegea wanamwambia pale pale. Hakuna anayelia kwa kumwonea huruma. Wanamtaka asimame imara, na kelele zao ni sehemu ya nguvu yake. Bila waitikiaji wimbo wa imbalu haukamiliki, unabaki nusu.

Ndiyo maana kadodi imekuwa na maisha marefu. Leo utaikuta kwenye harusi, kwenye kampeni za siasa, mpaka Kampala. Ilisafiri kwa sababu watu waliijua kwa miguu yao.

Baadaye ikaja mashine ya kurekodi, na hapo wimbo ukaanza kufika mahali ambapo mwimbaji hayupo. Klaus Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907, akaondoka Ujerumani wakati wa Wanazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Ni mtu aliyefukuzwa kwao, kama wengi wetu. Alifika Uganda miaka ya 1930, na baadaye akawa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alizunguka nchi akirekodi nyimbo na ala za makabila mengi. Kazi yake ni hazina, hatubishi. Lakini kanda zilikwenda Uingereza, zikawekwa kwenye maktaba, na miaka mingi ikapita kabla nakala hazijarudi Chuo Kikuu cha Makerere. Yaani mtoto wa mwimbaji angeweza kuzeeka bila kusikia sauti ya baba yake, wakati mwanafunzi wa London angeweza kuisikia alasiri moja. Wachsmann alikuwa na masikio mazuri na heshima. Hata hivyo njia ya wimbo ilikuwa ya kwenda tu, na kurudi kukachelewa sana.

Twende Jinja, kwa Wasoga. Hapo kuna somo gumu zaidi. Bigwala ni matarumbeta ya vibuyu, matano au zaidi, na kila moja linatoa sauti moja tu. Mpigaji mmoja peke yake hana wimbo. Huyu anapiga, yule anadakia, na wimbo unatokea katikati yao. Zilipigwa kwenye sherehe na misiba ya ufalme wa Busoga. Serikali ilipofuta falme zote mwaka 1967, kazi ya bigwala ikaisha. Hakuna aliyewakataza watu wasizipende. Ni ile nafasi ya kuzipiga iliyokosekana, na vijana wakakosa sababu ya kujifunza. Ufalme ulirudishwa miaka ya 1990, lakini mwaka 2012 UNESCO ilipoiingiza bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mafundi wazee waliokuwa bado wanaijua vizuri walikuwa wanne tu.

Wanne, jamani. Kwa muziki unaohitaji watu watano au zaidi!

Kilichofuata ndicho kinatufurahisha. Mwalimu wa muziki James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alishirikiana na wazee hao kufundisha vijana. Sehemu ya kazi ilikuwa kulima vibuyu vyenyewe, kwa sababu huwezi kufundisha tarumbeta la kibuyu kama kibuyu hakipo. Fikiria kama wapenzi wa bigwala wangesema tu "maskini wazee hawa, inasikitisha," halafu wakaendelea na safari. Wazee wangekufa na wimbo wao. Kilichookoa ni watu waliouliza: mimi nishike tarumbeta lipi?

Turudi Mbale tena, kwenye kilima cha Nabugoye. Pale wanaishi Abayudaya, jamii iliyofuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, ikiongozwa na Semei Kakungulu. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wengi wakaiacha, wakabaki mia chache. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, walioinua jamii ile walikuwa vijana kama sisi. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, J.J. Keki na Gershom Sizomu. Walikaa pamoja kilimani, wakatunga nyimbo, wakatia zaburi kwenye miondoko ya hapa. Wasikilizaji wao wa kwanza walikuwa wao wenyewe, wakijikumbusha kwamba bado wapo.

Mwaka 2003 nyimbo zao zilitoka Marekani kwenye Smithsonian Folkways, zikiwa zimerekodiwa na mtafiti Jeffrey Summit, na santuri ile ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Watu wa mbali walishangaa sana. Wayahudi weusi, chini ya mlima Elgon? Mshangao ni mzuri, unafungua mlango. Lakini mshangao nao huchoka haraka. Tunachotaka mkione ni kile Keki alichofanya na muziki baadaye. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, akaona kwa macho yake yale mashambulizi. Alirudi nyumbani, na mwaka 2004 akaanzisha ushirika wa kahawa unaoitwa Peace Kawomera, maana yake amani tamu, unaokusanya Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Nyimbo zikaingia kazini. Ziliimbwa kuwaita majirani wajiunge, kuwahimiza wakulima waitunze kahawa yao vizuri, kusifu amani kati ya dini tatu. Mwaka 2013 Summit na Folkways walitoa santuri ya nyimbo hizo pia.

Ona tofauti. Msikilizaji wa Boston alisikia ujumbe wa amani, sawa. Lakini msikilizaji wa kwanza alikuwa mkulima mlimani, na yeye baada ya wimbo alikuwa na kitu cha kufanya kesho asubuhi. Na msikilizaji wa Boston naye angeweza kununua kahawa kwa bei ya haki. Kununua si kuonea huruma. Ukinunua, mnaangaliana kwa usawa.

Sasa mwaka 2005, mwaka ambao tunauona kama kioo cha video yetu. Watoto wa shule ya msingi ya Patongo, kaskazini mwa Uganda, walikuwa wanaishi kambini kwa sababu ya vita vya LRA. Walikwenda Kampala kwenye mashindano ya taifa ya muziki wa shule, wakacheza bwola, ngoma ya Waacholi, na wakarudi na tuzo. Filamu juu yao, War/Dance, ilitoka mwaka 2007 na ikateuliwa kuwania Oscar.

Watoto hao hao walikuwa na wasikilizaji wa aina mbili. Watazamaji wa filamu walijua nani kampoteza baba na nani alitekwa msituni, na wakalia. Majaji wa Kampala walikuwa na kalamu na karatasi, wakahesabu hatua, sauti, mavazi, mpangilio. Hatusemi waliolia walikosea. Vita ilikuwa ya kweli. Lakini jiulize, ni nani aliyempa yule mtoto kitu ambacho hakuna mtu angeweza kumnyang'anya? Sisi tunasema ni jaji. Machozi yalimwambia, "umeumia." Alama zilimwambia, "unajua."

Na msituambie kwamba watu wa nje hawawezi kusikia ufundi. Mwaka 2023 Ghetto Kids wa Kampala walikwenda Britain's Got Talent, na jaji Bruno Tonioli akabonyeza kitufe cha dhahabu hata kabla hawajamaliza kucheza. Alikatisha ngoma yenyewe, sheria kando! Mtu akiona uwezo, mwili wake unamsukuma kabla ya maneno.

Kuna jambo moja la mitambo ambalo wafanyakazi wa mashirika wanalisahau wakihesabu watazamaji. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii tarehe 1 Julai 2018. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Na Facebook ilifungwa tangu Januari 2021. Kwa hiyo wapenzi wetu wa karibu wengi hawaonekani kwenye hesabu. Wao wanapeana video kwa memori kadi, wanaiangalia kumi kwenye simu moja, wanaiona kwenye kibanda cha video. Namba iliyoandikwa chini ya video inamhesabu zaidi mwenye intaneti ya bei rahisi, na huyo mara nyingi yuko mbali. Ukifuata namba peke yake, utaanza kutengeneza video za kumpendeza wa mbali, na polepole utamvua kijana shati lililopigwa pasi umvike lililochanika.

Basi tunaomba nini? Mambo manne tu.

Moja, kabla hujatuma kipande cha video, tuma jina la kwaya na jina la wimbo pamoja nacho. Mtu asiye na jina ni rahisi kugeuzwa kuwa chochote.

Mbili, kwa ndugu wa mashirika: ruhusa ya kupiga picha siyo ruhusa ya kuandika maneno yoyote juu ya picha. Warudieni vijana na wazazi wao, wasomeeni mlichoandika, kwa lugha wanayoelewa. Kama mnaona aibu kumsomea baba yake, msikitume.

Tatu, wimbo ukisafiri, nakala irudi. Kila aliyerekodi vijana wa kambi ahakikishe wanazo faili zenyewe, na mapato kama yapo yajulikane.

Nne, wapenzi wa kwaya, endeleeni kubishana. Semeni besi imezidi. Semeni ubeti wa pili hausikiki. Wale wakimbizaji wa Mutoto hawamnyamazii kijana anayelegea, na sisi tusiwanyamazie wavulana wetu kwa kisingizio kwamba wameteseka. Wameteseka, ndiyo. Na pia wanakaribia kuimba vizuri sana.

Mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Anayejua kuimba tena aje, maana wako wawili tu na besi ni sita.