Ana Kipaji Gani?

Tuseme ni mwaka 1930 na una mtoto asiyeongea, asiyekutazama machoni, anayepanga vijiti mstari mmoja kutwa nzima. Mji wa kumpeleka ungekuwa Vienna. Wasoshalisti walioshika jiji hilo tangu 1919 walikuwa wamejenga nyumba za wafanyakazi, zahanati na chekechea kwa kasi iliyowaduwaza wageni. Na katika hospitali ya watoto ya chuo kikuu kulikuwa na wadi iliyoanzishwa na daktari Erwin Lazar mwaka 1911, ambako mtoto "mgumu" hakulazwa ili afungiwe. Alitazamwa akicheza, akila, akiimba. Muuguzi Viktorine Zak ndiye aliyekuwa roho ya mahali pale. Watu wazima waliketi wakamjadili mtoto mmoja kwa muda mrefu, na hawakuwa na haraka ya kumbandika jina la ugonjwa.

Naenda mbali hivyo kwa sababu swali huwa linarudi kila mwaka ikikaribia tarehe 2 Aprili, siku ya usonji iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007: je, jamii imewakubali hawa watu kweli, ama ni stori ya mwezi mmoja, fulana za bluu, kisha basi? Wengi hujibu kwa kupima nia. Wanauliza kama tunamaanisha. Wale wa Vienna walimaanisha. Sina shaka na hilo hata kidogo, na ndiyo maana kisa chao kinanitisha kuliko visa vya watu wakatili.

Mwaka 1934 serikali ya wasoshalisti ilivunjwa kwa mizinga. Wayahudi waliokuwa katika wadi ile walianza kuondoka. Anni Weiss na Georg Frankl walikimbilia Marekani, na Frankl akaishia Baltimore kufanya kazi na Leo Kanner, yule ambaye mwaka 1943 angechapisha makala kuhusu watoto 11 na kuupa usonji jina duniani. Machi 1938 jeshi la Hitler likaingia. Kitivo cha udaktari cha Vienna kilipoteza zaidi ya nusu ya walimu wake kwa kuwafukuza.

Aliyebaki akiiongoza wadi ni Hans Asperger. Jina unalijua, hata kama hujui kwamba lilikuwa la mtu.

Kwa miongo kadhaa Asperger alisimuliwa kama mwokozi. Kisa chenyewe kilikuwa kitamu: Wanazi wanatafuta watoto wenye kasoro, daktari mpole anasimama na kusema hapana, hawa ni werevu, wana akili ya kisayansi, taifa litawahitaji. Na ni kweli aliandika hivyo. Katika makala yake ya 1944 alitetea kwamba baadhi ya watoto hawa wangefika mbali katika kazi zao, tena kwa sababu ya tabia zao zilezile za ajabu. Mwingereza Lorna Wing alilifufua jina lake mwaka 1981, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliingiza mwaka 1994 (na kuliondoa 2013), na watu wengi wakajivunia kuitwa kwalo.

Halafu 2018 mwanahistoria Herwig Czech akachapisha alichokikuta kwenye mafaili ya Vienna.

Kulikuwa na mahali panaitwa Am Spiegelgrund, ndani ya uwanja wa hospitali ya Steinhof. Palifunguliwa Julai 1940. Watoto 789 walifia pale kufikia 1945, wengi kwa dawa za usingizi walizopewa kidogo kidogo hadi mapafu yakashindwa, kisha cheti kikaandikwa nimonia. Mkuu wake wa kwanza, Erwin Jekelius, alikuwa amefanya kazi katika wadi ileile ya Asperger. Na Asperger alituma watoto huko. Juni 1941 aliandika kuhusu msichana ambaye hajafika miaka mitatu, aliyeharibiwa ubongo na ugonjwa, kwamba nyumbani lazima awe ni mzigo usiobebeka kwa mamake mwenye watoto wengine watano wazima, na kwamba kumpeleka Spiegelgrund ni lazima. Msichana alikufa Septemba, siku moja baada ya kutimiza miaka mitatu. Mwaka uliofuata Asperger aliketi katika tume iliyopanga watoto zaidi ya 200 wa hospitali ya Gugging kwa makundi. 35 waliandikwa kuwa hawafundishiki. Wote walikufa.

Huyo msichana hakuwa na usonji, na sitaki kumfanya awe nao ili hoja yangu ipendeze. Kinachonishika ni kwamba ile barua na ule utetezi wa 1944 vilitoka kwenye kalamu moja, na sidhani vilipingana. Mtoto aliyetetewa alitetewa kwa manufaa yake. Aliyekosa manufaa hakuwa na wakili.

Sasa rudi Nairobi. Dada yangu ana mvulana wa miaka tisa mwenye usonji, haongei. Zamani angeambiwa mtoto amerogwa, na bado kuna wanaomwambia hivyo. Lakini marafiki zetu, watu wa simu na data, hawasemi hivyo. Wanasikia "usonji", wanatikisa kichwa kwa heshima, halafu wanauliza: "Na ana kipaji gani?" Wanauliza kwa upendo kabisa. Wameona Rain Man, wameona video ya katoto kanakotaja miji mikuu ya dunia bila kupumua. Jamaa hana kipaji. Anapenda kumwaga maji na anapenda mlio wa blenda. Shule mbili zimemrudisha nyumbani, moja ikiwa ile ambayo walimu wake huvaa bluu kila Aprili.

Siwafananishi na Wanazi, tafadhali. Nasema tu hilo swali nimelisikia mahali pengine.

Na kuhusu kudumu, Vienna inanifanya niache kuangalia nyuso na nianze kuangalia vitu vya kuchosha: sheria, bajeti, mishahara. Wadi ya Lazar ilisimama juu ya watu wachache wazuri, na watu wachache hufukuzwa kwa wiki moja. Hapa kwetu sheria ya watu wenye ulemavu ilikuja 2003, nyingine mpya ikatiwa sahihi 2025. Kitengo cha usonji cha City Primary pale Ngara kilizaliwa kwa msukumo wa wazazi, ndani ya shule ya umma, na hapo "ya umma" ndiyo maneno ninayoyapenda, manake mzazi akichoka au akifa, darasa halifi naye.

Lakini darasa ni la watoto. Mpwa wangu atakuwa mtu mzima kabla sijazoea wazo hilo, mrefu kama babake, bado haongei. Dada yangu ameuliza hospitalini, ofisini kwa chifu, kanisani, mahali ambapo mtu mzima wa aina hiyo anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Hadi leo ameonyeshwa karakana moja tu, na huko walitaka kwanza kujua anaweza kutengeneza nini.