Taa za Nyumba za Mawe

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipowataja katika shairi lake Al-Inkishafi matajiri wa Pate waliokwisha kuwa mavumbini, hakuzisahau taa zao za bilauri na za shaba. Nami kila niingiapo katika nyumba ya kale ya Lamu, nikakuta globu moja kali imeningʼinizwa katikati ya dari, huona kuwa nyumba imepofuliwa, ijapokuwa mwenyewe alikusudia kuitia nuru.

Sababu imo katika ujenzi wenyewe. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wao hufuata urefu wa boriti za mkoko, ambazo kwa kawaida hazizidi mita 3. Na kuta za matumbawe, zilizopakwa chokaa nyeupe, pamoja na zidaka za ndani zenye nakshi, hudhihirisha uzuri wao pale mwanga unapozijia kwa ubavuni, kama ulivyozijia zama za utambi uliolowa mafuta ya nazi au ya simsim, ukaacha kivuli laini katika kila tundu. Katika magofu ya Gedi vingali vinaonekana vishubaka vya taa ukutani. Globu ya darini huvifuta vivuli vyote hivyo.

Baadaye yalikuja mafuta ya taa, na chemli, na karabai. Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, likatangulia kupata umeme. Basi jumba la zama zile lenye dari ya juu laweza kubeba thurea, ambayo jina lake kwa Kiarabu ni la nyota za kilimia, lakini chumba cha Lamu hakiistahimili.

Ama katika kufunga taa, namsihi fundi asiupasue ukuta kwa tindo: waya na upite ubavuni mwa boriti, na palipotobolewa pazibwe kwa chokaa, wala si kwa saruji, kwani saruji huufungia unyevu ndani, na chumvi ikatokeza ikaibambua plasta. Vishubakani zitiwe taa ndogo za mwanga wa manjano. Na fanusi ya dakani, pale mlangoni pa kuingilia, isipandishwe hadi boritini, bali ishushwe mpaka mkono uifikie, maana taa ya mafuta ilibidi ifikiwe kila magharibi, ijazwe, ikatwe utambi, ndipo iwashwe.