Saratani ya pua na safari ndefu ya mionzi hadi Budondo

Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell katika hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa ziarani hospitali ya Jinja. Alipotupa macho dirishani alimwona mtoto mwingine nje kwenye nyasi, uso umevimba vilevile. Watoto hao wawili ndio waliomfungulia njia ya kuieleza saratani inayobeba jina lake hadi leo.

Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi hata moja, hivyo Burkitt alitegemea dawa, na kwa bahati njema ugonjwa ule ulizitii. Saratani ya tundu la pua haizitii hivyo. Nguzo za tiba yake ni upasuaji na mionzi, na watu wa Jinja, Mbale na vijiji kama Budondo, karibu na Jinja, walisubiri hadi 1995 ndipo mashine ya kobalti ilipofungwa Mulago. Kanada ilikuwa ikiwatibu watu wake kwa kobalti tangu 1951.

Saratani ya pua ni ugonjwa adimu, na hujificha. Pua huziba upande mmoja, damu hutoka mara kwa mara, na mgonjwa hudhani ni mafua yasiyokwisha. Vumbi la mbao ni mojawapo ya visababishi vyake vinavyojulikana, kwa hiyo fundi seremala mwenye dalili hizo asizipuuze.

Ugumu wa kuutibu uko mahali ulipo. Kati ya pua na tundu la jicho pana mfupa mwembamba kama karatasi. Uvimbe huhitaji dozi ya grei 60 hadi 70, inayogawanywa siku tano kwa juma kwa wiki sita au saba. Mshipa wa fahamu wa jicho hauvumilii zaidi ya grei 54 hivi, na lenzi ya jicho huweza kuingia ukungu kwa takriban grei 10 tu. Mpangaji wa mionzi hufanya kazi ndani ya milimita chache.

Katika zama za kobalti alipanga kwa picha bapa za eksirei. Alichora mipaka kwenye ngozi, akaelekeza mwali mmoja kutoka mbele na mingine kutoka ubavuni, akiweka kabari za chuma ili dozi isawazike. Akilikinga jicho, sehemu ya uvimbe ilikosa dozi. Akiufuata uvimbe wote, jicho lilipotea. Wagonjwa wengi duniani walipona saratani wakabaki na jicho moja.

Picha za CT, alizoanzisha Godfrey Hounsfield mwaka 1971, zilimwezesha mpangaji kuuona uvimbe kwa pande zote tatu. Hata hivyo miali bado ilipita moja kwa moja. Mageuzi makubwa kwa pua, kwa maoni yangu, yalikuja miaka ya 1990, kompyuta ilipoanza kubadilisha nguvu ya mwali kipande kwa kipande, hata dozi ikapinda kuzunguka jicho. Mwaka 2008 Karl Otto alieleza njia ya kutoa mionzi hiyo huku mashine ikimzunguka mgonjwa bila kusimama. Wataalamu wanapozilinganisha njia hizi mbili za mwisho, tofauti ya dozi mara nyingi ni ndogo. Tofauti iliyo wazi ni ya muda, kwani njia ya Otto humaliza kwa dakika chache. Penye foleni ndefu, dakika hizo ni nafasi ya mgonjwa mwingine. Lakini usahihi huo una masharti: barakoa ya plastiki ishike kichwa barabara, na daktari achore uvimbe wote, maana asichokichora hakipati dozi.

Uganda ililipia ghali kutegemea mashine moja. Machi 2016 kobalti ya Mulago iliharibika isitengenezeke. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400, msaada wa kushukuriwa, ingawa haukuweza kuwatosha wote. Tiba ikikatika, seli za saratani zilizosalia huongezeka tena. Mashine mpya ya kobalti ilizinduliwa Januari 2018, kisha Taasisi ya Saratani ya Uganda ikapata mashine za linaki, ambazo ndizo zenye uwezo wa kupindisha dozi.

Zote ziko Kampala. Jinja iko takriban kilomita 80 kutoka huko, Mbale zaidi ya 200, na tiba ni ya kila siku kwa wiki sita au saba. Mgonjwa wa Budondo lazima apate malazi, chakula na mtu wa kumwangalizia shamba. Mbale imetajwa na serikali miongoni mwa miji ya kujengewa vituo vya kanda vya saratani. Kikijengwa, kipewe linaki na wapangaji waliofundishwa tangu siku ya kwanza, ili wagonjwa wa pua wa mashariki wasianzie kwenye kobalti na picha bapa.