Nani Humsimamia Mkuu wa Majanga?

Tarehe 26 Disemba 2004 nilikuwa kijana, tuko ufuoni na wenzangu, askari wakaja kututimua. Tulinung'unika sana. Baadaye ndipo tukasikia habari ya tsunami, na mamia ya ndugu zetu waliokufa Somalia. Tangu siku hiyo nina swali moja: anayetoa amri kama ile husimamiwa na nani?

Ndugu msomaji, leo naligusa swali hilo kwa mfano wa Marekani. Wenzetu wameliandika jambo hili katika sheria, na pia wamejikwaa nalo hadharani.

Ngazi zao

Marekani ina majimbo 50, na katika kila jimbo gavana ndiye mwenye dhamana ya kwanza janga likitokea. Chini yake kuna wakala wa dharura. New York iliunganisha usalama wa ndani na huduma za dharura katika ofisi moja mwaka 2010. Hawaii iliunda wakala wake mwaka 2014 kutoka idara ya zamani ya ulinzi wa raia. Mkurugenzi wake ni jenerali anayeongoza jeshi la jimbo, yaani National Guard, lakini kazi za kila siku ziko kwa msimamizi mwingine. Kaunti nazo zina wakuu wao.

Juu kuna FEMA, shirika la serikali kuu lililoundwa 1979 na kuingizwa katika Wizara ya Usalama wa Ndani mwaka 2003, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. FEMA haiji kumnyang'anya gavana usukani. Kwa Sheria ya Stafford ya 1988, kwa kawaida gavana huomba, rais hutangaza janga kubwa, kisha serikali kuu hubeba angalau asilimia 75 ya gharama zinazostahiki za kukarabati mali ya umma.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ndiyo maana usimamizi unahitajika: gavana huteua na kufuta, baraza la jimbo hupitisha bajeti na kuwahoji wakuu, na katika majimbo mengi seneti huidhinisha uteuzi.

Dakika 38

Asubuhi ya 13 Januari 2018, saa mbili na dakika saba, simu za watu wa Hawaii zililia: kombora linakuja, jificheni, haya si mazoezi. Watu walikimbia, wengine wakawaaga watoto wao. Hapakuwa na kombora. Zamu zilikuwa zikipokezana, yakafanywa mazoezi, na ujumbe wa mazoezi ulikuwa na maneno "haya si mazoezi". Mfanyakazi mmoja akaamini, akabonyeza. Hakuhitaji mtu wa pili kumthibitishia. Ujumbe wa kusahihisha nao haukuwa umeandaliwa, ukafika simuni baada ya dakika 38.

Mfanyakazi alifutwa. Msimamizi wa wakala, Vern Miyagi, akajiuzulu mwezi huohuo. Kwangu mimi kosa la kidole lilikuwa dogo. Kosa kubwa ni la wale waliokuwa juu, ambao hawakuuliza mapema: mtu mmoja akikosea, nani atamzuia?

Ving'ora vilivyonyamaza

Miaka mitano baadaye kosa likawa kinyume chake. Tarehe 8 Agosti 2023 moto uliteketeza mji wa Lahaina, kisiwani Maui, ukaua watu wasiopungua 100. Ving'ora havikulia. Mkuu wa dharura wa kaunti alikuwa kisiwa kingine, kwenye semina ya mambo hayohayo ya dharura. Alijitetea kwamba watu wamezoea king'ora kuwa ni cha tsunami, angekipiga wangekimbilia mlimani kwenye moto. Lakini maelezo ya jimbo lenyewe yalitaja moto wa nyika miongoni mwa hatari za kupigiwa king'ora. Siku moja baada ya utetezi huo alijiuzulu.

Watu waliuliza pia ujuzi wake katika kazi hiyo. Swali hilo si geni. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005 kuivuruga New Orleans, mkuu wa FEMA aliondoka, na mwaka 2006 Kongresi ikatunga sheria kwamba mwenye kiti hicho lazima awe na ujuzi wa kusimamia dharura na angalau miaka 5 ya uongozi mkuu. Sheria hiyo haikuwagusa wakuu wa kaunti.

Na sisi?

Sisi pia tuna gavana, bunge la kaunti na bahari mlangoni. Mwakilishi wako wa wadi akija kukusalimia, muulize maswali matano. Mkuu wa majanga katika kaunti yetu ni nani, na aliwahi kufanya kazi gani? Akisafiri, nani hushika nafasi yake? Onyo litatufikia vipi, kwa simu, redio au spika za msikiti? Mara ya mwisho mazoezi yalifanywa lini? Na bunge lilimhoji lini?

Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu, na kumfunga ngamia kwanza ni wajibu vilevile. Nilipotimuliwa ufuoni mwaka ule nilikasirika. Leo namuombea dua askari yule, na aliyemtuma.