Vikaratasi Viwili vya New Haven

Agosti 1961, wanaume walioitikia tangazo la gazeti walianza kufika mmoja mmoja kwenye jengo la Chuo Kikuu cha Yale mjini New Haven, Marekani, kusaidia utafiti wa kumbukumbu. Hivyo ndivyo walivyoambiwa. Kila mmoja alipewa dola 4 na senti 50 za nauli, akaelezwa kuwa fedha hizo ni zake kwa kufika tu, liwe liwalo. Kisha akapiga kura na mtu aliyemkuta pale: nani awe mwalimu, nani mwanafunzi. Vikaratasi vilikuwa viwili, na vyote vimeandikwa "Mwalimu". Yule mwingine alikuwa mtu wa watafiti.

"Mwanafunzi" alifungwa kwenye kiti katika chumba cha pili. Mwalimu akaketishwa mbele ya mashine yenye swichi 30, kutoka volti 15 hadi 450: kila mwanafunzi akikosea jibu, ampige umeme kwa swichi inayofuata. Ili aamini, alionjeshwa kwanza volti 45, na huo ndio umeme pekee wa kweli uliompata mtu. Aliposita, mtafiti alimhimiza aendelee, hata kumwambia hana hiari. Katika jaribio la kwanza kuchapishwa, watu 26 kati ya 40 walifika volti 450.

Mwenye utafiti, Stanley Milgram, alikuwa na miaka 27. Mwaka huohuo Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi, alikuwa kizimbani Jerusalem, na Milgram alitaka kujua mtu wa kawaida hutii amri hadi wapi. Ile 26 imekaririwa vitabuni hadi imechakaa. Mimi hushikwa na hesabu nyingine za makala yake ya 1963: watu 14 walicheka kicheko cha wasiwasi, na 3 walitetemeka mwili mzima bila kuweza kujizuia. Aliyaandika haya waziwazi. Nadhani hakuona kwamba alikuwa akiandika hati ya mashtaka yake mwenyewe.

Aliyeisoma hivyo ni Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Berkeley, mwaka 1964. Aliuliza kwa haki gani mtu aliyekuja kwa nia njema anadanganywa, anafedheheshwa mbele ya nafsi yake, kisha anaagwa kana kwamba mazungumzo machache yamemaliza kila kitu. Milgram alijibu kwa dodoso: asilimia 84 ya waliojibu walifurahi kushiriki, waliojuta ni asilimia 1.3 tu. Takwimu nzuri, lakini mtu huombwa ruhusa kabla ya kuguswa.

Tena, yale mazungumzo ya kuagana yalikuwa na kasoro. Mwandishi wa Australia Gina Perry, aliyepekua kumbukumbu za Yale na kuwatafuta washiriki, alionyesha katika kitabu chake cha 2012 kwamba wengi waliondoka bila kuambiwa ukweli wote. Baadhi walikaa miezi wakidhani wamemuumiza mtu, hadi taarifa ya posta ilipowafikia mwaka 1962.

Utata huo haukuishia kwa Milgram: mwaka 1971 mwanasaikolojia Philip Zimbardo, aliyesoma na Milgram sekondari moja huko Bronx, aliwafanya vijana wafungwa na askari jela katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo la Chuo Kikuu cha Stanford. Siku 14 zilizopangwa ziliishia ya sita. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikatoa kanuni za utafiti kwa watu mwaka 1973. Sheria ya kamati za maadili ilipitishwa 1974, ingawa iliyoisukuma zaidi ni aibu ya Tuskegee, ambako wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba tangu 1932.

Mwanasaikolojia Jerry Burger alipolirudia jaribio la Milgram na kuchapisha matokeo mwaka 2009, aliwachuja washiriki kwanza, akawakumbusha mara tatu kuwa wanaweza kuondoka na fedha zao, na akakomea volti 150. Watu 28 kati ya 40 walikuwa tayari kuendelea. Kila mmoja, sekunde chache baada ya kusimamishwa, aliambiwa kwamba hakuna aliyepigwa umeme, na "mwanafunzi" akaingia chumbani kumsalimu.