Kwenu Ni Wapi? Swali Lililokuwa Kwenye Riwaya Kabla Yetu

Nilipofikisha miaka 18 nilienda kuomba kitambulisho. Fomu ikauliza kijiji, nikaandika Syokimau. Karani akacheka. "Kijana, Syokimau mnakaa tu. Kwenu kabisa ni wapi?" Akakata kwa kalamu nyekundu. Nikaandika kijiji cha baba huko Vihiga, mahali ambapo nimelala labda usiku ishirini maisha yangu yote.

Wasee, mama ni Mkamba wa Kitui, baba ni Mluhya, na nyumbani tunaongea Kiswahili na Sheng. Nikienda ushago kwa baba naitwa Mkamba. Kitui naitwa mtoto wa Nairobi, na hata Nairobi siishi.

Kumbe hili swali limezunguka kwenye riwaya zetu muda mrefu. Mwaka 1964, uhuru haujamaliza hata mwaka, kijana wa Limuru aitwaye James Ngugi alitoa Weep Not, Child. Njoroge anaamini masomo yatamfanya awe mtu na kuokoa familia iliyopoteza shamba. Hali ya hatari inaingia, kaka yake anaenda msituni, shule inakatika, na mwishoni Njoroge anatafuta kamba ajinyonge. Mamake ndiye anamfikia. Nilikimaliza saa nane usiku na sikulala.

Halafu 1996, Ken Walibora akatoa Siku Njema. Kijana aliyelelewa Tanga anafiwa na mama, mwimbaji wa taarabu, kisha anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Nilisoma nakala ya mama ya enzi zake za sekondari. Pembeni amejaza penseli: tashbihi, methali, istiara. Pale kijana anapojiuliza yeye ni wa nani hakuna alama hata moja. Simlaumu, mtihani ulitaka tashbihi. Hata sisi tulikaririshwa sifa za wahusika, lakini sikumbuki mwalimu akituuliza kama tunamjua huyo kijana.

Kilichonishika zaidi ni waandishi wenyewe. James Ngugi aliliacha "James" akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Walibora alizaliwa Waliaula, jina la Kiluhya. Sasa fungua kamusi: "aula" kwa Kiswahili ni bora. Waliaula, Walibora. Hakulitupa jina la kwao, alilitafsiri! Na kwenye maandishi yake ya chuo kikuu aliendelea kutumia yote mawili, Walibora Waliaula. Ngũgĩ alirudi nyumbani kwa kutoa kitu. Huyu alibaki na nyumba mbili. Kwa mtu kama mimi, njia ya pili ndiyo naiweza, maana nikianza kutoa sijui nitabaki na nini.

Na hii Syokimau inayodharauliwa ina jina la mtu. Wakamba husimulia kwamba Syokimau alikuwa mwanamke mtabiri aliyeona nyoka mrefu akitambaa kutoka baharini, kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Tangu 2012 tuna stesheni hapa, na asubuhi treni inatubeba kwenda mjini, watoto wa Kisii, Meru, Siaya, wote tukiongea lugha moja.

Nilimweleza mama kuhusu karani. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwani Kitui hukuandika?"

Sikuwa nimeifikiria kabisa. Fomu ilikuwa na nafasi ya kijiji kimoja.